Mashine, Mvua na Hando ya Mama

Jumamosi, 5 Aprili
Leo mimi Jedida, binti wa Machakos niliyeolewa Malindi, nimekuwa mwanamke mwenye mashine ya kufulia nguo. Mume wangu Nyale ni mpishi kwenye hoteli moja kule Kikambala. Wageni wakipungua kwa ajili ya mvua, hoteli hubadilisha vyombo, na safari hii mashine kuukuu wamegawiwa wafanyakazi. Nyale amekuja nayo kwenye pikapu, imefungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu. Ni ile ya mlango wa mbele, wa kioo, unaona nguo zinavyobingirika ndani. Binti yetu Kahonzi ameketi mbele yake tangu mwanzo wa kufua hadi mwisho, na chakula amekataa.

Bafuni haikutosha, jikoni haikutosha. Imekaa koridoni, kati ya sebule na bafu. Na kwa kuwa saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba hii hii, kila mteja atakayeomba kwenda msalani lazima apite mbele yake. Sikupanga hivyo, lakini sisikitiki.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimemaliza kuifumia mashine kitambaa. Nyumbani mwangu chombo cha maana hakikai uchi: friji ina chake, redio ina chake, televisheni ina chake, mpaka mtungi wa gesi una chake. Hiki ni cheupe, kina maua ya waridi, kinashuka mbele mpaka chini ya mlango. Nimetoa na amri: mashine ikimaliza kufua, mlango unafungwa mpaka usikike "ka!", kisha kitambaa kinashushwa, vumbi na chumvi ya bahari visipate pa kuingilia.

Nyale alifungua mdomo kusema kitu kuhusu mlango. Nikamtuma mkate.

Jumatano, 16 Aprili
Mama Kabibi, mama mkwe wangu, amefika kutoka Matsangoni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, anaona mwanga na vivuli tu. Tulimpeleka hospitali asubuhi, daktari akasema jicho la kulia litapasuliwa kwanza, lakini presha iko juu mno. Ale bila chumvi, ameze dawa, arudi Juni. Kwa hiyo masika yote atakuwa nasi.

Amekuja na kikapu. Juu kulikuwa na ng'onda, wale samaki waliokaushwa kwa chumvi, ambao sasa hata kuwala haruhusiwi. Chini, ndani ya leso mbili, kulikuwa na hando yake, sketi ya Kigiriama ya vitambaa vyeupe vilivyoshonwa tabaka juu ya tabaka, mpaka mvaaji akitembea nyonga zinatangulia kusalimia. Ilikuwa ya mamake. Dorcas, kitinda mimba wake, ataolewa tarehe 21 Juni, na Mama anataka kuivaa siku hiyo.

"Nataka nimuone Dorcas kwa jicho langu, nikiwa ndani ya nguo ya mama," alisema. "Mengine Mulungu atajua mwenyewe."

Nikamwambia, "Mama, nitakufulia kwa mashine, itang'aa!"

"Hiyo utaniachia, Mekahonzi. Nitaifua kwa mikono yangu."

Ananiita Mekahonzi, yaani mama yake Kahonzi, kama wanavyoitana wanawake wa kwao. Napenda kuitwa hivyo. Lile la kuachiwa sikulipenda.

Alhamisi, 17 Aprili
Mvua.

Ijumaa, 18 Aprili
Mvua. Nguo zote zimeanikwa sebuleni. Tunapita kwa kuinama kama tunaingia msikitini kwa mlango wa nyuma.

Jumanne, 22 Aprili
Kuna harufu. Si ya choo, si ya taka. Ni harufu ya kitambaa cha kupangusia kilichosahauliwa ndooni mwezi mzima. Nimenusa nyumba nzima kwa pua yangu hii ambayo Nyale husema ingenipatia kazi ya polisi. Imezidi koridoni. Na koridoni, juu ya msumari, ndiko wanakoning'inia ng'onda wa Mama.

Sitaki kusema kitu. Naandika tu.

Ijumaa, 25 Aprili
Bridgit, mteja wangu wa tangu nifungue saluni, mdomo hana breki. Leo nimemkausha nywele, akaishika taulo, akainusa, akasema mbele ya wateja wengine, "Jedida, hii taulo umemkaushia mbwa aliyenyeshewa?"

Wakacheka wote. Nami nilicheka, kwa meno tu.

Jumapili, 27 Aprili
Nimesema. Nilisema kwa adabu, lakini nilisema: "Mama, tafadhali, hawa samaki wakae nje, harufu imeingia mpaka kwenye taulo za wateja." Alinyanyuka akapapasa ukuta mpaka kwenye msumari, akawatoa ng'onda mwenyewe, akawatundika nje chini ya paa. Nilipochungulia jioni paka wa jirani alikuwa amekula wote, amebakisha vichwa viwili kwa heshima.

Mama akasema tu, "Paka naye kiumbe."

Kilichoniuma ni kwamba harufu bado ipo.

Jumatano, 30 Aprili
Nimemwita Mutuku, fundi wa friji na mashine, mtu wa kwetu Ukambani. Aliinama, akanusa, akatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Dada Jedida, humu kumefia panya."

Akafungua mgongo wa mashine, skrubu zikatapakaa koridoni kote. Panya hakuna. Akasema basi amefia mbali zaidi. Mbali wapi, hakueleza. Amerudishia mgongo, skrubu moja imebaki mkononi mwake. Ati hiyo ilikuwa ya ziada.

Jumamosi, 3 Mei
Nyani haoni kundule.

Leo herini yangu imedondoka wakati nikitoa taulo, ikaingia kwenye mpira mnene unaozunguka mlango wa mashine. Mpira ule una mkunjo. Wiki zote hizi, yaani tangu tuipate, sikuwahi kujua kwamba una mkunjo. Nikatia kidole, nikauvuta.

Mle ndani kulikuwa na maji machafu, nywele za nusu ya wanawake wa mtaa wetu wa Shella, soksi moja ya Kahonzi, na kuvu nyeusi, imetambaa mduara mzima, inateleza kama bamia iliyolala. Harufu ilinipiga usoni nikakaa chini. Wale samaki maskini hawakuwa na kosa lolote. Mama wa watu nilimtolea samaki wake nje, kumbe mwenye uvundo ni mashine yangu niliyoivika maua ya waridi!

Nikampigia Nyale. Alicheka mpaka nikasikia sufuria zikianguka. "Jedida, hotelini mlango wa mashine haufungwi hata siku moja. Ikimaliza kufua inaachwa wazi, ipumue, mpira ukauke. Kila mtu anajua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka. Ukanituma mkate."

Nimesugua kwa siki na mswaki wa zamani mpaka mikono imenuka kachumbari. Nimepangusa kwa kitambaa kikavu, nimewasha mashine tupu kwa maji ya moto. Sabuni nayo nilikuwa naimimina kama nalisha kuku, sasa ni kijiko. Kitambaa nimekivua, nimekikunja kabatini. Nikiri tu kwamba nililia kidogo. Mlango uko wazi.

Jioni nilimletea Mama papai nikamwomba radhi kwa ajili ya ng'onda. Alikula papai lote, kisha akasema, "Paka amenenepa lakini."

Jumatatu, 5 Mei
Nimeamka, mlango umefungwa. Nimeufungua.

Jumanne, 6 Mei
Umefungwa tena. Mvua ya radi. Nimemuuliza Kahonzi, ameapa kwa jina la mwalimu wake.

Ijumaa, 9 Mei
Umefungwa. Nyale yuko nyumbani mapumziko, naye ameapa. Nimemwambia basi tuna jini msafi.

Jumatano, 14 Mei
Nimemkamata jini. Leo niliketi sebuleni kimya nikifuma, nikamwona Mama anatoka chumbani kwenda bafuni, mkono mmoja ukutani, mwingine mbele. Alipofika kwenye mashine akausukuma mlango kwa goti, pole pole, "ka!", akapita. Mwendo wa mtu anayejua kabisa kilipo kitu kinachomuumiza.

Nikamwinulia leso kidogo. Miguu yote miwili, kwenye ugoko, imejaa michubuko. Kila alipopita alikuwa akigonga ule mlango ulio wazi, ndipo akaanza kuufunga.

"Mama, mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba sioni kitu kikubwa kama ng'ombe katikati ya nyumba ya mwanangu?"

Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Mlango sasa nauacha wazi kidogo tu, nimeutilia mwiko wa ugali usijifunge, na mwiko nimeuelekeza ukutani, usimguse mtu. Siku hizi nikimwangalia Mama namwona mwingine. Nilidhani ni mtu mgumu, asiyependa vitu vya watu. Kumbe ni mtu anayejificha asionewe huruma.

Ijumaa, 16 Mei
Bridgit amekuja kusukwa, na Mama alikuwa ameketi kando akisikiliza soga. Mara akasema, "Lete kichwa." Akasuka mistari upande mzima kwa kupapasa, imenyooka kuliko yangu. Bridgit, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alinyamaza.

Jumatatu, 19 Mei
Nimefanya jambo la kijinga, na naliandika likiwa bado la moto.

Asubuhi Dorcas alikuja kumchukua Mama kwenda kupimwa presha. Nikabaki na nyumba, na mashine safi, na kile kikapu. Nikajiambia: presha ya mtu mzima, mikono yenye baridi yabisi, atafuaje hando nzito namna hii? Nitaifua mimi, nitaianika, nitaikunja, akirudi ataikuta safi, atasema mbele ya wifi yangu, "Mekahonzi, umeniokoa." Hayo maneno niliyasikia kabisa masikioni. Nikaitia ndani. Mlango, "ka!"

Maji yalijaa, hando ikazunguka, nzuri, kama mtu anayecheza ngoma ya mwanzele peke yake. Ndipo radi ikapiga upande wa Watamu na umeme ukakatika mtaa mzima.

Nikangoja. Mvua ikamwagika kana kwamba mbingu nazo zilikuwa na mashine. Nikavuta mlango, haufunguki. Nikampigia Mutuku, akasema barabara ya kwake imekuwa mto, na kitasa cha mashine kama hii hakiachii bila umeme. "Ukilazimisha, dada, utabaki na mlango mkononi." Nikampigia Nyale, akasema hotelini kuna jenereta, hajawahi kuona jambo kama hilo. Nikatamani kumrushia simu.

Mama amerudi jioni, presha imeshuka, ana furaha. Amepangiwa siku ya kupasuliwa: Jumanne, 10 Juni. Akapapasa kikapu chake pale pembeni kama afanyavyo kila akiingia. Nilikuwa nimeshatia taulo tatu za saluni ndani ya zile leso. Akabonyeza, akanusa vidole vyake, akasema, "Haya."

Hando iko gizani ndani ya maji, imejibandika kwenye kioo. Nimepita mara nyingi na mshumaa kuitazama. Inanitazama.

Jumanne, 20 Mei
Umeme hakuna. Mvua. Kioo kimepata ukungu wa jasho, siioni tena.

Jumatano, 21 Mei
Umeme umerudi saa nne asubuhi. Kitasa kimeachia chenyewe, kana kwamba hakuna lililotokea.

Hando ilikuwa imelala siku mbili kwenye maji ya uvuguvugu, imegandamana na mpira. Na ule mpira, kumbe nilisugua nilipoona tu. Kule chini, kwenye vitundu vya kutolea maji, nyuma ya mkunjo, kuvu ilikuwa imebaki inaninyatia, na zile siku za mlango kufungwa ilikula ikashiba. Tabaka za mbele zote zimejaa madoadoa meusi, madogo, kama mtu amezimwagia pilipili manga. Na moja kubwa, la kahawia, kiasi cha kiganja cha mtoto, kwenye pindo la mbele. Hilo nadhani ni kutu ya mashine.

Nimeketi sakafuni koridoni. Nguo ya mama wa mama, ya mtu niliyeambiwa waziwazi nimwachie mwenyewe. Mama akaita kutoka chumbani, "Mekahonzi, umeme umerudi?" Nikaitika, "Umerudi, mama." Sauti yangu niliiazima sijui wapi.

Alhamisi, 22 Mei
Jiki ya kung'arisha siwezi kutia, kitambaa ni cha zamani, kitachanika. Nimenunua ndimu mpaka muuza ndimu ameniuliza kama nafungua kiwanda cha achari. Ndimu na chumvi, kusugua taratibu, kisha jua kali. Ndimu ninazo. Chumvi ninayo.

Ijumaa, 23 Mei
Mvua.

Jumamosi, 24 Mei
Mvua.

Jumatatu, 26 Mei
Jua lilitoka nikiwa katikati ya kichwa cha Bridgit. Nilimwacha na nusu ya kichwa imesimama kama mnazi, nikakimbia na hando uani, nikaitandaza juu ya majani. Nilipovuta pumzi, wingu. Nilipoifikia kuiondoa, matone. Bridgit mlangoni akauliza, "Jedida, unacheza ngoma gani?"

Nikamweleza yote. Kwa maajabu ya Mungu hajamwambia mtu. Kila akiona jua ananipigia simu: "Limetoka! Kimbia!"

Jumatano, 28 Mei
Jua dakika chache. Meusi yanapauka! Yamekuwa ya kijivu.

Lile la kahawia halijasogea.

Jumapili, 1 Juni
Kanisani mchungaji aliuliza nani ana ombi. Mama aliomba presha yake ikae chini mpaka siku ya kupasuliwa. Wote tukafumba macho. Na mimi, Mungu nisamehe, nikajikuta namwombea presha ipande kidogo tu, daktari aahirishe wiki moja, jua litoke. Nilipofumbua macho nilimwona Mama ameinua uso, anatabasamu kuelekea dirisha lenye mwanga. Nimejichukia mpaka chakula cha mchana. Nimerudi nyumbani nikaomba upya, vizuri.

Alhamisi, 5 Juni
Jua! Asubuhi nzima! Bridgit ameleta kiti, amekaa uani kuilinda hando dhidi ya kuku. Mama naye akatoka kuota jua, akaketi hatua mbili kutoka ilipo. Akanusa hewani, akauliza, "Nani anatengeneza achari?"

Bridgit akasema, "Mimi, mama."

Jumapili, 8 Juni
Meusi yamekwisha. Nimeikagua tabaka baada ya tabaka, nikaita na Kahonzi mwenye macho ya mwewe, hakuna. Ni nyeupe.

Isipokuwa lile. Nimelisugua kwa ndimu, kwa siki, kwa magadi, kwa sabuni ya kipande, kwa machozi. Limekaa pale, rangi ya chai ya rangi, halijui hata kwamba lilisuguliwa.

Nimeusugua pia mpira wa mashine, nikiuvuta mkunjo, na vitundu vyote kimoja kimoja, kwa kijiti cha kusafishia masikio. Sasa ungeweza kulia ugali mle.

Jumatatu, 9 Juni
Kesho Mama anapasuliwa, keshokutwa anafunguliwa bandeji. Nimeshindwa kungoja agundue mwenyewe. Nimeketi kitandani kwake nikamwambia kila kitu: mashine, umeme, kuvu, taulo kwenye kikapu.

"Taulo nilijua," akasema. "Hando haijawahi kunukia shampuu. Nilingoja uniambie."

Nikataka ardhi ipasuke. Nikamwambia madoa meusi nimeyatoa yote, nimesugua, ni nyeupe sasa.

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Tabasamu lilimtoka. "Umesugua pote?"

"Pote, mama. Kila pindo."

"Na la mbele?"

"Pote, mama."

Akageukia ukuta. Nilitaka kumweleza kwamba limebaki doa moja, lakini niliona nitakuwa namwongezea kidonda. Nimelala kwa shida. Afadhali angenigombeza.

Jumanne, 10 Juni
Amepasuliwa salama. Jicho limefungwa. Amenishika mkono njia nzima kutoka hospitali.

Jumatano, 11 Juni
Nyale amekuja. Nesi alifungua bandeji asubuhi, Mama akapepesa, akatoa chozi moja, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu. "Umezeeka," akamwambia. Nyale alicheka huku analia. Akanitazama mimi. "Nawe ni mweusi kuliko nilivyofikiri. Mzuri." Akamtazama Kahonzi, anayemwita hawe, yaani nyanya, akamvuta kifuani.

Tulipofika nyumbani alisimama koridoni. "Ndiyo hii iliyonipiga ugoko?" Akaizunguka kwa macho, akauona ule mwiko mlangoni, akacheka kidogo. Kisha akaketi.

"Lete hando."

Nilimwekea mapajani. Hakuitazama kwa jumla kama mtu anayetafuta uharibifu. Alikwenda moja kwa moja kwenye pindo la mbele, akafunua tabaka moja, ya pili, mikono ikienda mbio. Halafu ikatulia. Kidole chake kilikuwa juu ya lile doa.

"Mama, hilo ndilo lililonishinda," nikasema. "Nimejaribu kila kitu. Nisamehe."

Akaliinua mpaka karibu na jicho. "Liko," akasema. "Nyale, njoo uone. Liko!"

Hatukuelewa. Ndipo akatueleza, anacheka na anapangusa jicho ambalo aliambiwa asiliguse. Ni doa la bibo, lile tunda la mkorosho. Alikuwa mdogo kuliko Kahonzi, alikuja mbio na bibo bivu mkononi, akajikwaa, akaangukia mapajani mwa mamake aliyekuwa amevaa hando mpya siku ya ngoma. Akajificha uso akingoja kofi. Mamake akacheka mpaka wanawake wengine wakacheka. Picha ya mamake hana, haikupigwa hata moja. Anachokumbuka ni kile kicheko na doa hilo.

"Ndiyo maana nilitaka kuifua mwenyewe. Naogopa watu wa sabuni. Juzi uliposema umesugua pote, nilijua mama ameondoka."

"Mama, nimelisugua kwa kila kitu kilichoko Malindi!"

"Bibo halitoki, Mekahonzi." Alinipiga paja. "Mtu wa Machakos, ungejulia wapi?"

Nimecheka mpaka nimekaa chini, pale pale koridoni, mbele ya mashine.

Jumamosi, 21 Juni
Matsangoni. Hakukunyesha. Dorcas alikuwa mzuri mno, na mamake alimuona, kutoka mbali, kabla sote hatujamuona. Mama amecheza mpaka Nyale amemkumbusha presha. Kila aliyeisifu hando aliambiwa, "Imefuliwa na mkaza mwanangu, kwa mashine," na mimi nikageuza uso kutazama migomba. Bridgit alikuwepo. Alikuwa na uso wa mtu anayeijua siri na anaumwa na tumbo.

Jumapili, 29 Juni
Mama amerudi kwao mpaka jicho la pili. Nilipomfungia kikapu, akatoa hando akaniwekea mikononi. "Ikae kwako. Kwangu kuna mchwa. Lakini usiifunike, ipate hewa."

Nimeitundika koridoni, kwenye ule msumari wa ng'onda. Kile kitambaa changu cha maua ya waridi nimekirudisha juu ya mashine, juu tu, kimekunjwa mara mbili, hakishuki mlangoni. Mwiko uko mahali pake.

Jioni Kahonzi alikuja kuishika hando, akafunua pindo la mbele, akaniita, "Mama, mbona hapa pamebaki uchafu?"

Nikamwambia, "Huyo ni mama yake hawe. Msalimie, halafu umfunike kwa pindo lake."